Sura ya Nne: Asili ya Yoga na Nafasi ya Mwili

Yoga ni jumla ya mafundisho na mazoezi yaliyozaliwa katika Bara Hindi, ambayo kwa zaidi ya miaka elfu mbili yamemfunza binadamu namna ya kuzitawala hisi zake, pumzi yake, mwili wake na hatimaye fikra zake. Leo jina hilo hutajwa zaidi pale panapozungumzwa mazoezi ya viungo, kupumua kwa utaratibu na kutuliza mawazo, na wengi wanaoyafanya hawaoni haja ya kujua yalikotoka. Hata hivyo, anayetaka kuielewa yoga, awe anaipenda au anaitilia shaka, hawezi kuikwepa historia yake, kwa kuwa maswali makubwa yanayoulizwa juu yake, likiwamo lile la iwapo ni dini au ni mazoezi tu, hayana jibu nje ya historia hiyo.

Madai mawili yanayopingana yameenea. La kwanza linashikilia kwamba yoga ina umri wa miaka elfu tano na kwamba imerithishwa na walimu kwa wanafunzi wao bila kubadilika. La pili, lililopata nguvu kutokana na utafiti wa miaka ya karibuni, linasema kwamba yoga ya leo ni zao la karne ya 20, lililobuniwa kwa kuchanganya jimnastiki ya Ulaya na majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya dini na elimu nchini India. Ushahidi uliopo unayakataa yote mawili. Unaonyesha mapokeo marefu ambayo kila kizazi kiliyachambua, kikaacha mengine na kuongeza yake, na njia iliyo wazi zaidi ya kuyafuatilia mabadiliko hayo ni kuangalia nafasi ambayo kila zama iliupa mwili: kuna wakati ulionekana kuwa kizuizi kinachopaswa kushindwa, kuna wakati ukawa chombo cha kumfikisha mtu kwenye ukombozi, na kuna wakati, ambao ndio huu wa sasa, afya yake ikawa ndiyo shabaha yenyewe.

Muhuri wa Mohenjo-daro

Dai la miaka elfu tano linategemea zaidi kitu kimoja kidogo. Katika msimu wa uchimbaji wa 1928 hadi 1929, wanaakiolojia waliokuwa wakifukua mji wa kale wa Mohenjo-daro, katika bonde la Mto Indus ambalo leo limo ndani ya Pakistan, walipata muhuri wa mraba uliochongwa kwenye jiwe la sabuni, wenye upande usiofika sentimita 4. Juu yake amechongwa mtu aliyeketi kwenye kiti kifupi, magoti yakiwa yametanuliwa na visigino vikikutana, mikono iliyojaa bangili ikinyooka hadi magotini, na kichwani ana pembe kubwa zilizopinda. Kando yake wamo tembo, simbamarara, faru na nyati, chini ya kiti wamo wanyama wawili wadogo wenye pembe, na juu kabisa imepita safu ya alama za maandishi.

John Marshall, aliyekuwa ameiongoza Idara ya Mambo ya Kale ya India kwa miaka mingi, alipochapisha taarifa ya uchimbaji huo mwaka 1931 alipendekeza kwamba mtu huyo ni mungu Shiva katika sura yake ya mwanzo kabisa, bwana wa wanyama na mkuu wa mayogi, yaani watu walioshika njia ya yoga. Pendekezo hilo lilivutia, likarudiwa katika vitabu vingi hadi likageuka kuwa kama jambo lililothibitishwa. Lakini maandishi ya bonde la Indus hayajasomwa mpaka leo, wanazuoni wengine wameuona uso ule kuwa wa mnyama kuliko wa mungu, na muhuri wenyewe ulichongwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya andiko lolote linaloeleza zoezi la kiyogi. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba watu wa Indus waliuheshimu mkao fulani wa kuketi. Fundisho lililoambatana na mkao huo, kama lilikuwapo, halikuacha ushahidi.

Maandishi ya dini yaliyofuata, yaitwayo Veda, hayabadilishi sana hali hiyo. Rigveda, ambayo ndiyo kongwe zaidi na ambayo wanazuoni wengi huiweka kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo (KK), inashughulika hasa na kafara za moto na nyimbo za kuwasifu miungu. Ndani yake umo wimbo mmoja unaomtaja mtawa mwenye nywele ndefu, anayeruka na upepo na kunywa sumu pamoja na mungu Rudra, jambo linaloonyesha kwamba watu wa nguvu zisizo za kawaida walijulikana. Namna ya kuzipata nguvu hizo, hatua kwa hatua, haielezwi.

Watawa wa bonde la Ganga

Mwanzo unaoweza kushikwa kwa ushahidi uko mashariki zaidi, katika eneo la Magadha kwenye bonde la Mto Ganga, karibu karne ya 5 KK. Miji ilikuwa ikikua, biashara ikipanuka na falme zikimeza koo ndogo, na katikati ya mabadiliko hayo wakatokea watu walioacha nyumba, mali na kafara za makuhani, wakaenda kuishi kwa kuombaomba na kujitesa. Waliitwa shramana, maana yake watu wa kujitahidi, na kutoka miongoni mwao zikazaliwa dini za Ubudha na Ujaini. Tatizo lililowasumbua lilikuwa karma, yaani imani kwamba kila tendo huacha matokeo yanayomfunga mtenda, na kwamba matokeo hayo humrudisha duniani kuzaliwa tena na tena bila kikomo. Ikiwa tendo ndilo linalofunga, walihoji, basi kufunguliwa kunapatikana kwa kuacha kutenda; ndiyo maana Wajaini walisimama bila kujitikisa juani kwa muda mrefu, na wengine walijinyima chakula na hata pumzi.

Maelezo ya karibu zaidi ya mazoezi hayo yamo katika simulizi za Buddha mwenyewe, zilizohifadhiwa kwa lugha ya Kipali. Kabla ya kupata nuru alijifunza taamuli, yaani kuikaza fikra mahali pamoja, kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Baadaye akajaribu njia ya mateso: aliuma meno, akaukandamiza ulimi kwenye kaakaa, akaizuia pumzi hadi masikio yakavuma, na akapunguza chakula hadi mifupa ikajitokeza. Hatimaye aliziacha mbinu hizo kwa kuona hazimfikishi popote, akafundisha njia ya kati. Ulimi uliokandamizwa kwenye kaakaa, hata hivyo, haukupotea katika historia ya yoga, kama itakavyoonekana mbele.

Wageni nao waliacha ushuhuda wao. Jeshi la Alexander wa Makedonia lilipofika Taxila mwaka 326 KK, Mgiriki Onesicritus alitumwa kuzungumza na watawa wa huko, na taarifa yake, iliyohifadhiwa na mwanajiografia Strabo, inasema aliwakuta watu kumi na watano nje ya mji, wamesimama, wameketi au wamelala wakiwa uchi, kila mmoja na mkao wake, bila kutikisika hadi jioni katika jua kali lililoichoma ardhi hata wageni wakashindwa kuikanyaga kwa miguu mitupu. Hapo mikao ya mwili inaonekana wazi, lakini kusudi lake lilikuwa kuushinda mwili, na hakuna aliyeifanya kwa ajili ya afya.

Kutoka mateso hadi utulivu

Ndani ya mapokeo ya Veda nako watu walikuwa wakitafuta ukombozi, na fikra zao zimo katika maandishi yaitwayo Upanishadi. Katika Katha Upanishad, ambamo kijana Nachiketa anamhoji Yama, mungu wa mauti, yoga inaelezwa kwa mara ya kwanza kwa uwazi kuwa ni kuzishika hisi zisitikisike. Mwili unafananishwa humo na gari la farasi, hisi ndizo farasi, akili ndiyo hatamu, busara ndiye mwendeshaji, na roho ndiye abiria. Farasi wasiotawaliwa humpotosha abiria njia. Mwili hapa haupigwi vita tena, kwani bila gari hakuna safari, lakini umewekwa chini ya amri.

Shvetashvatara Upanishad inakwenda mbali zaidi kwa kutoa maelekezo ambayo mwanafunzi wa leo angeyatambua mara moja. Anayetaka kufanya yoga atafute mahali tambarare na safi, pasipo na changarawe wala moto, penye sauti ya maji na palipokingwa na upepo. Aketi akiwa amenyoosha kifua, shingo na kichwa, apunguze pumzi zake, na aizuie akili kama mtu anayewashika farasi wakaidi. Dalili za kwanza za kufaulu zinatajwa kuwa wepesi wa mwili, afya, sauti nzuri, harufu nzuri na uchache wa haja ndogo na kubwa. Afya, basi, ilikwisha kutajwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, lakini kama ishara ya njiani, wala haikuwa mwisho wa safari.

Bhagavad Gita, sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata ambayo kwa kawaida huwekwa kati ya karne ya 2 KK na karne ya 2 baada ya Kristo (BK), ililipanua neno hilo hata likawafikia watu wasio watawa. Katika sura zake 18, mungu Krishna anamfundisha shujaa Arjuna, aliyekataa kupigana na ndugu zake, kwamba mtu anaweza kuifuata yoga akiwa katikati ya majukumu yake, ama kwa kutenda wajibu bila kutamani malipo, ama kwa maarifa, ama kwa kumpenda Mungu kwa moyo wote. Kwa fundisho hilo mkulima, mfanyabiashara na askari walipewa njia ambayo zamani ilikuwa ya walioikimbia jamii, na mlango uliofunguliwa wakati huo haujafungwa tena.

Patanjali na viungo vinane

Kitabu kinachotajwa zaidi kuliko vyote ni Yoga Sutra cha Patanjali, ambacho watafiti wa sasa hukiweka karibu na mwaka 400 BK. Sutra ni sentensi fupi mno, iliyobanwa ili ikaririwe kwa moyo na kufafanuliwa na mwalimu, na kitabu hicho kina 195 au 196 kwa kutegemea nakala, zilizogawanywa katika sehemu nne. Patanjali hakubuni mambo mapya mengi. Alikusanya mafundisho yaliyokuwa yakizunguka kwa Wabudha, Wajaini na Wahindu, akayapanga juu ya msingi wa falsafa ya Samkhya, inayotenganisha roho inayoshuhudia na maumbile yanayobadilika. Taabu ya binadamu, kwa mujibu wa falsafa hiyo, ni kuvichanganya vitu hivyo viwili na kujidhania kuwa ni mwili wake na mawazo yake. Yoga ni kuyanyamazisha mawazo hayo ili roho ijitambue.

Njia ya kufikia hapo aliipanga katika viungo vinane: miiko ya kimaadili kama kutodhuru na kutosema uongo, nidhamu za binafsi kama usafi na kuridhika, mkao, kuitawala pumzi, kuziondoa hisi kwenye vitu vya nje, kuikaza fikra mahali pamoja, taamuli isiyokatika, na mwishoni samadhi, hali ya kuzama kabisa ambamo mtu na kitu anachokitafakari havitengani. Mkao, uitwao asana, umetengewa sutra tatu tu, nazo zinataka uwe thabiti na wa kustarehesha, basi. Ufafanuzi wa kale ulioambatana na kitabu hicho unataja mikao kama kumi na miwili, na yote inahusu kuketi au kutulia mahali pamoja. Msomaji anayetafuta humo mikao ya kusimama, kujipinda au kusimama kwa kichwa hataikuta.

Kitabu hicho kilivuka mipaka ya India mapema. Mwanazuoni Mwislamu al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973 na kufika India katika zama za utawala wa Mahmud wa Ghazni, alikifasiri kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 11, akikipanga upya kwa njia ya maswali na majibu ili kimwingie vizuri msomaji wa Kiislamu. Nakala ya tafsiri yake ilihifadhiwa Istanbul. Hivyo, karne nyingi kabla ya Ulaya kumjua Patanjali, aliyejua Kiarabu aliweza kumsoma.

Hatha: mwili wapata heshima

Mageuzi makubwa kuliko yote yaliyotangulia yalianza karibu karne ya 11, ndani ya mapokeo ya tantra, yaani mafundisho ya siri yaliyowahusu Wahindu na Wabudha na yaliyouona mwili kuwa hekalu la nguvu za kimungu. Humo ndimo ilimozaliwa hatha, yoga ya kutumia nguvu. Amritasiddhi, kitabu cha kwanza kinachojulikana kufundisha mbinu zake, kilitoka kwa Wabudha. Kinaeleza kwamba kichwani mwa mtu kuna mwezi unaodondosha maji ya uhai, na tumboni kuna jua linaloyaunguza, na kwamba mtu huzeeka na kufa kwa sababu ya upotevu huo. Kazi ya yogi ni kuyazuia maji hayo yasishuke, kwa kubana koo, tumbo na njia za chini, na, katika vitabu vilivyofuata, kwa kujigeuza kichwa chini miguu juu. Mbinu mojawapo, iitwayo khechari, ni kuukunja ulimi nyuma ya kaakaa. Nayo inakumbusha jaribio la Buddha lililotajwa awali, isipokuwa sasa si mateso ya mtawa anayeudharau mwili, ni ufundi wa mtu anayetaka mwili udumu.

Katika karne ya 13, Dattatreyayogashastra kikawa kitabu cha kwanza kuifundisha hatha kwa jina lake kama mfumo kamili, na kikatamka jambo zito: kwamba Brahmin (mtu wa tabaka la makuhani), mtawa, Mbudha, Mjaini na hata asiyeamini chochote zaidi ya vitu vinavyoonekana, wote watafaulu mradi wafanye mazoezi kwa bidii. Katikati ya karne ya 15 Svatmarama aliyakusanya mafundisho ya vitabu vya waliomtangulia katika Hathapradipika, ambacho kinataja mikao 15, ikiwamo ya tausi, jogoo, kobe, upinde na maiti. Mikao kadhaa kati ya hiyo si ya kuketi kwa taamuli. Kando ya mikao kilifundisha njia sita za kuusafisha mwili, mojawapo ikiwa ni kumeza kitambaa kirefu chenye maji na kukivuta tena, pamoja na elimu ya chakra na nadi, yaani vituo na mishipa isiyoonekana ambamo nguvu iliyolala chini ya uti wa mgongo, kundalini, hupandishwa hadi utosini. Idadi ya mikao iliendelea kuongezeka: Gheranda Samhita, cha karibu mwaka 1700, kinaeleza 32, na hati ya karne ya 18 iitwayo Hathabhyasapaddhati inaeleza 112, mingine ikiwa ya kurudiwarudiwa kwa mwendo na mingine ya kupanda kamba.

Waislamu wa India hawakubaki watazamaji. Sheikh Muhammad Ghawth wa Gwalior, wa tarika ya Shattariyya, aliandika kwa Kiajemi karibu mwaka 1550 kitabu kiitwacho Bahr al-Hayat, maana yake Bahari ya Uhai, akiyafafanua mazoezi ya mayogi kwa mtazamo wa Kisufi. Nakala iliyotengenezwa Allahabad kati ya 1600 na 1604 kwa ajili ya Mwanamfalme Salim, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Jahangir, ina picha 21 zilizochorwa kwa rangi, kila moja ikimwonyesha yogi katika mkao wake. Leo imehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, nayo ni miongoni mwa mikusanyo ya mwanzo ya picha zinazofuata mpangilio wa mikao hiyo. Kwamba hazina hii ya historia ya yoga ilitoka katika jumba la mtawala Mwislamu ni jambo linalostahili kukumbukwa kila panapodaiwa kuwa elimu hii ilikuwa ya watu wa dini moja pekee.

Ukoloni na kutafuta heshima

Utawala wa Waingereza uliishusha hadhi ya mayogi. Vikundi vya watawa waliobeba silaha na kutawala njia za biashara kaskazini mwa India vilipigwa vita na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kuanzia karne ya 18, na walionyang'anywa riziki hiyo waliishia barabarani wakionyesha viungo vilivyopinda ili wapewe senti. Wahindi waliosoma waliwaonea aibu. Swami Vivekananda, aliyeuvutia mkutano wa dini za dunia mjini Chicago mwaka 1893, aliposambaza yoga Marekani kwa kitabu chake Raja Yoga cha mwaka 1896, alimtukuza Patanjali na kuisukuma hatha kando kwa kuiona ngumu na yenye manufaa kidogo kwa roho. Yoga ya kwanza kuivuta dunia ya kisasa, basi, ilikuwa ya kuketi na kufikiri, na mikao ilikuwa karibu kutupwa.

Kilichoiokoa mikao ni siasa ya mwili. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa India walikuwa wakiambiwa na watawala kwamba wao ni dhaifu, na jimnastiki ya Ulaya, kunyanyua vyuma na mazoezi ya kijeshi viliingia shuleni. Wazalendo wakajibu kwa kutafuta mazoezi ya kwao. Shri Yogendra alifungua taasisi yake Bombay mwaka 1918, akiwafundisha watu wenye familia bila kuwataka wawe watawa. Swami Kuvalayananda akafungua Kaivalyadhama huko Lonavla mwaka 1924, akapima mikao kwa vyombo vya maabara na picha za eksirei na kuchapisha matokeo katika jarida lake. Mtawala wa Aundh, Bhavanarao Pant Pratinidhi, alieneza mfululizo wa kuinama na kuinuka uitwao salamu kwa jua, ambao kabla ya hapo haukuhesabiwa miongoni mwa mafundisho ya hatha. Lugha ya ukombozi wa roho ikaanza kutanguliwa na lugha ya mapafu, tezi na uti wa mgongo.

Ukumbi wa Mysore

Mahali palipoacha alama kubwa kuliko pote ni Mysore, kusini mwa India. Mwaka 1933 Mfalme Krishnaraja Wadiyar IV alimpa Tirumalai Krishnamacharya, mwanazuoni wa Kisanskriti aliyezaliwa mwaka 1888, ukumbi katika kasri la Jaganmohan ili awafundishe yoga vijana. Wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana wenye nguvu na wepesi, na mafunzo yaliandamana na maonyesho ya hadhara, kwa hiyo Krishnamacharya aliunganisha mikao katika mfululizo wa haraka, kila tendo likifungamana na kuvuta au kutoa pumzi. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alionyesha jinsi mfumo huo unavyofanana na jimnastiki iliyokuwa ikifundishwa India wakati ule. Ufanano huo ni wa kweli. Lakini hati kama Hathabhyasapaddhati, pamoja na kitabu cha picha cha kasri la Mysore chenye mikao 122, zinathibitisha kwamba mwendo na wingi wa mikao vilikuwapo India kabla ya mwalimu huyo kuzaliwa. Krishnamacharya alirithi, akaazima, kisha akajenga.

Wanafunzi wake ndio walioibeba kazi hiyo hadi nje. B.K.S. Iyengar, shemeji yake, aliyekuwa mgonjwa na dhaifu utotoni, alikazia usahihi wa kila mkao na kutumia kamba, mbao na viti ili hata wazee na wagonjwa waweze. Alikutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952, na urafiki wao ukamfungulia milango ya Ulaya. Kitabu chake Light on Yoga cha mwaka 1966 kilipanga mikao ipatayo 200 kwa picha na maelezo. Pattabhi Jois aliendeleza mfululizo wa haraka. Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga mwaka 1899, mwanzoni alikataliwa na Krishnamacharya kwa kuwa mwanamke na mgeni, lakini baadaye akapokewa, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akafungua shule Hollywood. Katika mapokeo ambayo vitabu vyake viliandikwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, kupokewa huko kulikuwa mwanzo wa mageuzi ambayo matokeo yake yanaonekana leo katika madarasa mengi, ambamo wanawake ndio wengi.

Yoga ya dunia nzima

Mabadiliko ya sheria ya uhamiaji ya Marekani mwaka 1965 yaliwaruhusu walimu wengi zaidi wa India kuingia nchini humo, na safari ya bendi ya Beatles mjini Rishikesh mwaka 1968 iliwafanya vijana wa Magharibi waitazame India kwa macho mapya. Tangu hapo yoga ikawa biashara, tiba na sera ya serikali. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo. Tarehe 11 Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, lilitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Afrika Mashariki nayo imo: mradi wa Africa Yoga Project, ulioanza Nairobi mwaka 2007, umewafunza vijana wa mitaa yenye kipato kidogo kuwa walimu wanaojipatia riziki kwa kazi hiyo.

Kuenea huko kumezua mgogoro wa kidini. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia lilitangaza kuwa ni haramu kwa Waislamu kufanya yoga inayochanganya mazoezi na ibada au matamshi ya Kihindu, ilhali mwaka 2017 Saudi Arabia iliikubali rasmi kuwa shughuli ya michezo. Huko California wazazi walishtaki shule za Encinitas kwa madai kwamba zinawafundisha watoto dini, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba mazoezi yaliyofundishwa humo hayakuwa ibada. Wakati huohuo baadhi ya Wahindu wanalalamika kwamba urithi wao umevuliwa roho na kuuzwa. Pande zote hizi zina hoja, kwa sababu kila upande umeshika sehemu ya kweli ya historia: yoga ya mtawa wa Magadha ilikuwa njia ya ukombozi kutoka kuzaliwa upya, ya Patanjali ilikuwa falsafa ya roho, ya Svatmarama ilikuwa ufundi wa siri wa mwili, na ya Kuvalayananda ilikuwa tiba.

Kwa hiyo swali la iwapo yoga ni dini halijibiwi kwa neno moja, ila kwa kuuliza ni yoga ipi, inafundishwa na nani, na kwa lengo gani. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba mikao yote anayofundisha ina umri wa miaka elfu tano hawatendei haki, na anayewaambia kwamba yote ilibuniwa jana hawatendei haki pia. Mikao mingi ya leo ina umri wa karne chache, elimu ya pumzi na taamuli ina zaidi ya miaka elfu mbili, na lengo la afya, lililokuwa ishara ya njiani katika Shvetashvatara Upanishad, limekuwa lengo kuu katika muda wa miaka mia moja hivi. Anayetandika mkeka wake leo ana haki ya kuchagua atakachokitafuta juu yake, na historia hii inamtaka achague akijua, na kwa heshima kwa waliomtangulia.